Dume Anayelifaa Banda la Shirimatunda

Mhimilishaji anapofungua mtungi wa naitrojeni katika banda la Shirimatunda, mvuke mweupe humwagika ukingoni. Anachomoa mrija mwembamba wenye robo mililita ya mbegu, iliyokaa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwenye ng'ombe huuliza, "Ni Friesian?" Akijibiwa ndiyo, huridhika. Lakini kuna swali kubwa zaidi: ni Friesian yupi, na mabinti zake walikamuliwa wakiwa wanakula nini?

Swali hilo lina uzito wake hapa. Shirimatunda ipo chini ya mlima, ndani ya Manispaa ya Moshi, penye joto kuliko Kibosho au Machame. Kule juu ng'ombe hufungiwa kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa, na majani mengi hukatwa tambarare yakapandishwa kwa kichwa au kwa gari. Kila kilo ya mwili wa ng'ombe inadai mzigo wa majani.

Njia ya kwanza ya kupandisha ni dume wa jirani. Yupo karibu, na hakosei kulitambua jike lililo kwenye joto. Hatari zake ni mbili. Anaweza kueneza maradhi ya uzazi, kama ugonjwa wa kutupa mimba, kutoka zizi moja hadi jingine. Pia, akikaa mtaa mmoja kupita miaka miwili hivi, mitamba aliyoizaa huanza kuletwa kwake, na damu inajirudia.

Njia ya pili ni uhimilishaji. Wafugaji wa Kilimanjaro wana bahati ya ujirani: Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kipo Usa River, kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha. Mbegu iliyopimwa huepusha maradhi mengi na humpa mfugaji nafasi ya kuchagua.

Hata hivyo, dume bora naye anaweza kuficha kasoro. Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Holstein aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, alizaa mabinti zaidi ya 16,000, nao walikuwa wakamuliwaji hodari. Miongo kadhaa baadaye wanasayansi waligundua kwamba alikuwa amebeba hitilafu ya kinasaba inayoua mimba pale ndama anapoirithi kutoka pande zote mbili. Mimba zilizopotea duniani zinakadiriwa kufikia nusu milioni. Uzao wake ulikuwa umetapakaa kiasi kwamba ndugu walipandishwa bila wenyewe kujua.

Njia ya tatu ni uchotara. Zebu akipandishwa na Friesian, ndama hupata maziwa ya baba na ustahimilivu wa mama, pamoja na nguvu ya ziada ya kuchanganya damu za mbali. Nguvu hiyo hupungua kadiri mfugaji anavyorudia Friesian kizazi baada ya kizazi, huku mahitaji ya chakula na dawa yakipanda. Ndiyo maana watafiti wa Mpwapwa, Dodoma, walitengeneza aina mpya kabisa kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi na zebu wa hapa nchini, pamoja na damu kidogo ya Ulaya.

Kwa muda mrefu sifa za madume zilipimwa kwa mabinti waliolishwa nafaka Ulaya na Marekani. Mradi wa ADGG, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ulianza kukusanya takwimu za maziwa na vinasaba kwenye mabanda ya wafugaji wadogo wa Tanzania na Ethiopia, ili dume apimwe kwa uzao wake ulioishi kwa majani yetu na joto letu.

Kwa banda dogo la Shirimatunda, dume wa Jersey anastahili kufikiriwa kwanza. Jike la Jersey lina kilo 400 hadi 450, ilhali la Friesian hufikia 600. Hula kidogo, hustahimili joto vizuri zaidi, na maziwa yake yana mafuta mengi. Mtamba wa uzao wa kwanza naye atafutiwe dume anayezaa ndama wadogo, asije akakwama wakati wa kuzaa.

Namba ya dume imechapwa kwenye mrija. Iandikwe daftarini pamoja na tarehe: siku ya 21 joto liangaliwe tena, na karibu siku ya 283 ndama atarajiwe. Ndama huyo akiwa jike, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi naye ataingia kwenye joto, na mhimilishaji ataomba daftari hilo kabla ya kufungua mtungi.