Muamala Umekwama? Usitume Tena Kabla ya Kusoma Hii

Tuseme ni tarehe 5, siku ya kulipa nyumba. Umeweka nambari ya akaunti ya mwenye nyumba, umeandika shilingi 12,000, ukaweka PIN. Simu inazunguka, inazunguka, halafu inakuandikia: "Ombi lako linashughulikiwa." SMS haiji. Dakika zinapita, na kidole tayari kiko juu ya kitufe cha kutuma tena.

Ngoja kwanza. Hapo ndipo watu hulipa mara mbili. Leo tunakueleza kinachoendelea nyuma ya lile neno "linashughulikiwa", na kwa nini kungoja ni salama kuliko kurudia.

Kwako ni mara moja, kwetu ni hatua sita

Wewe umebonyeza mara moja tu. Upande wetu, malipo kama hayo hupitia hatua kadhaa:

1. Kukagua PIN na salio lako.
2. Kutenga zile shilingi 12,000 pamoja na ada, zisitumike kwingine.
3. Kupeleka ombi kwa benki ya anayelipwa.
4. Kupokea jibu la benki.
5. Kukata pesa kwako na kufunga hesabu.
6. Kukutumia SMS.

Mpangilio kama huu mafundi wa programu huuita mtiririko wa kazi. Shida yake ni kwamba unaweza kukatika popote. Stima zinaweza kupotea, seva ikazima, au mtandao ukakatika kati ya hatua ya 3 na ya 4. Mitambo ikiwaka tena, itajuaje ilikuwa imefikia wapi?

Kila hatua inaandikwa

Jibu analijua kila mwenye duka: andika kwenye daftari. Daftari la kompyuta linaitwa hifadhidata. Kila hatua ikiisha, matokeo yake huandikwa humo kabla hatua inayofuata haijaanza. Seva moja ikizima, nyingine hufungua daftari, huona hatua ya 1 na ya 2 zimeisha, na huendelea na ya 3. Haianzi upya, na haitengi pesa zako mara ya pili.

Hifadhidata zenyewe zimejengwa kwa uangalifu huo huo. Chukua PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kawaida, kabla haijasema "tayari", huandika badiliko kwenye kumbukumbu maalum ya diski. Stima zikipotea sekunde inayofuata, ikiwaka husoma kumbukumbu hiyo na kurudisha kila kitu ilichokuwa imethibitisha. Tena, mabadiliko yanayokwenda pamoja ama hupita yote au hayapiti hata moja. Pesa haziwezi kutoka kwenye mstari mmoja wa daftari hilo zikose kuonekana kwenye mwingine.

Kwa hivyo "linashughulikiwa" maana yake ni hii: hatua fulani zimeandikwa kuwa zimeisha, na kuna moja ambayo bado tunangoja.

Kukosa jibu si kukataliwa

Hatua ya 3 ndiyo ngumu, kwa sababu inatoka nje ya daftari letu. Tumepeleka ombi kwa benki, na jibu halijarudi. Huenda ombi halikufika. Huenda pia lilifika, mwenye nyumba akapata pesa zake, halafu ni jibu lililopotea njiani. Ukiwa upande huu, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Mfumo ukibahatisha kwamba limeshindikana na kukurudishia pesa, huenda tayari zimelipwa. Ukibahatisha kwamba limefaulu, huenda mwenye nyumba hajaona kitu.

Dawa yake ni nambari ya kumbukumbu. Kila ombi hupewa nambari yake ya kipekee. Mfumo ukilazimika kuuliza tena, huuliza kwa nambari ile ile. Upande wa pili, ukiwa umeundwa hivyo, hutambua kwamba ombi hilo ulishalishughulikia na hurudisha jibu lile lile la kwanza, bila kulipa tena.

Sasa ona tofauti. Mfumo ukirudia, unarudia kwa nambari ya zamani. Wewe ukianza upya kwenye simu, unafungua muamala mpya wenye nambari mpya. Kompyuta haiwezi kujua kama umekosa subira au unalipia miezi miwili. Italipa yote mawili, na itakuwa imefanya ulivyoiambia.

Na ikishindikana katikati?

Benki ikikataa baada ya pesa zako kutengwa, ni lazima zirudi. Mwaka 1987, watafiti Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika kuhusu kazi ndefu za hifadhidata na kuzipa jina la "saga": kila hatua iwe na hatua yake ya kuitengua, ili kazi ikikwama katikati, zilizofanyika zitenguliwe kwa mpangilio.

Kwenye pesa, kutengua si kufuta. Mstari wa kwanza unabaki, na mstari mpya wa kurudisha unaongezwa. Ndiyo maana kwenye taarifa yako unaweza kuona 12,000 zimetoka, kisha 12,000 zimerudi. Usishtuke, hujaibiwa.

Hali ya muamala inakuambia nini

- *Uko kwenye foleni:* ombi limepokelewa, zamu yake bado. Ngoja.
- *Unashughulikiwa:* hatua fulani haijajibiwa. Ngoja, usitume tena.
- *Umekamilika:* pesa zimefika. Hata kama SMS imechelewa, usirudie.
- *Umeshindikana:* umekataliwa. Angalia salio na sababu, kisha unaweza kujaribu tena.
- *Umerejeshwa:* pesa zimerudi kwako. Hakikisha salio, kisha amua.

Hali hii iangalie kwenye historia ya miamala yako, usitegemee SMS peke yake. SMS ni hatua ya mwisho, na ni nakala tu ya kilicho kwenye daftari. Inaweza kuchelewa, na matapeli wanaweza kuiga. Ikiwa unauza dukani na mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usitoe bidhaa kwa sababu hiyo tu. Tazama kama malipo yameonekana upande wako.

Kwa wenye biashara, shule na vyama

Kama una fundi anayeunganisha mfumo wenu na malipo, kuna jambo la kumwuliza: anatumia maktaba gani ya programu? Maktaba ni msimbo ulioandikwa tayari ambao yeye huuita badala ya kuandika kila kitu mwenyewe. Iliyo bora kwa kazi hii hutaja aina ya kila taarifa, ili akikosea aonywe akiwa bado anaandika, kabla pesa za mtu hazijaguswa.

Nambari ya simu, kwa mfano, inafaa kuwa maandishi. Ikihifadhiwa kama hesabu, ile sifuri ya 07 inapotea. Nambari ya mwanafunzi inayoanza na sifuri nayo hupotea hivyo hivyo, na karo inakosa mwenyewe.

Kiasi nacho kinafaa kuhesabiwa kwa senti kamili. Kompyuta ikitumia desimali zake za kawaida, 0.1 jumlisha 0.2 huwa 0.30000000000000004. Kwa malipo mamia ya chama, vitabu vinaweza kukataa kulingana.

Kubwa zaidi ni hali ya muamala. Iwe mojawapo ya orodha inayojulikana, kama ile ya hapo juu. Kuna mifumo inayojua mambo mawili tu, umefaulu au umeshindikana. Malipo yakichelewa kidogo, inamwambia mzazi "jaribu tena", naye analipa karo mara mbili. Maktaba nzuri humlazimisha fundi aseme mfumo utafanya nini muamala ukiwa bado unashughulikiwa.

Mfano mmoja wa zana za namna hii ni DBOS, yenye maktaba za lugha za Python na TypeScript, na ambayo huhifadhi hatua za kazi ndani ya PostgreSQL. Programu nyingine, tuseme ukurasa wa ofisi ya bursa, inaweza kuitumia kuweka kazi kwenye foleni, kuulizia imefikia wapi na kuona zilizokwama, bila yenyewe kuwa ndiyo inayoziendesha. Kazi ikiletwa mara mbili kwa nambari ile ile ya utambulisho, inahesabiwa kuwa moja.

Lakini maktaba haijui kila kitu. Nambari iliyoandikwa sawasawa inaweza kuwa ya mtu baki. Hapo hakuna programu inayokushinda wewe: jina likijitokeza kabla ya kuthibitisha, lisome.

Ukikwama, fanya hivi

1. Angalia historia ya miamala na salio lako kabla ya kubonyeza chochote.
2. Kama bado unashughulikiwa, usianzishe mwingine. Mwambie anayesubiri pesa kwamba malipo yako njiani.
3. Ukiona kimya kinazidi, piga simu huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya kumbukumbu, kiasi na saa uliyotuma. Kwa nambari hiyo, ahudumuye huona hatua iliyokwama.
4. PIN yako usimpe mtu. Hatuihitaji ili kufuatilia muamala, na yeyote anayeiitisha ati "akufungulie pesa zilizokwama" ni tapeli. Kata simu.