Parafibromini na Uvimbe wa Tezi za Paratiroidi

Nyuma ya tezi kubwa ya shingo zimo tezi ndogo, kwa kawaida nne, ziitwazo paratiroidi, ambazo husimamia kiasi cha kalisi katika damu. Zikiota uvimbe, mara chache mno huwa ni saratani. Lakini chini ya hadubini seli za aina hizo mbili hufanana sana. Saratani huthibitika tu seli zikionekana zimepenya mishipa au nyama za jirani, au zimesambaa mbali. Pengine upasuaji wa kwanza, ulio na tumaini kubwa zaidi, umekwisha kupita.

Mwaka 2002 iligunduliwa jeni HRPT2, leo CDC73, itengenezayo protini parafibromini. Mwaka uliofuata watafiti waliikuta imeharibika katika saratani 10 kati ya 15. Basi kipande cha uvimbe hutiwa rangi: viini vya seli vikikosa parafibromini, shaka huzidi. Ni shaka, si hukumu, kwani saratani nyingine huihifadhi, na katika jamaa zenye kasoro ya kurithi hata uvimbe usio wa saratani huikosa. Hapo ndugu wa mgonjwa nao hupimwa, ijapokuwa hawajaugua.