Kustaajabia Misa

Tulipokuwa wakatekumeni tulitetemeka kengele ya Misa ilipolia. Sasa twapiga goti upesi, macho yakitazama mlango. Mazoea yametupofusha.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakukosa elimu. Lakini mnamo Desemba 1273, akisoma Misa huko Napoli, alipatwa na jambo kuu, na tangu siku hiyo hakuandika tena. Mwenziwe Reginald akamsihi amalize kitabu chake. Akajibu kwamba yote aliyoyaandika yalikuwa kama majani makavu mbele ya yale aliyoyaona. (Hakuyakana, wala sisi tusiidharau katekisimu!) Kitabu kikabaki bila mwisho, katikati ya mafundisho ya Kitubio, naye akafa Machi 1274.

Na Misa ile ilikuwa ile ile aliyoisoma kila siku: mkate, divai, maneno ya Bwana.