Taa ya dashibodi ikiwaka karibu na mpaka: Kusimama au kusonga?

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu vya Mang'ola kwenda Nairobi kupitia Namanga hupiga hesabu nyingi kabla ya kuondoka: ushuru, nyaraka za mzigo, mafuta, vibarua wa kushusha. Hesabu inayosahaulika mara kwa mara ni ya ile taa ndogo inayowaka mbele ya usukani wakati gari limeshapakiwa.

Gari likiharibika karibu na nyumbani, ni usumbufu. Likiharibika ng'ambo ya mpaka, hasara moja huzaa nyingine. Kibali cha muda cha gari la nje kina tarehe ya mwisho, na siku haziachi kuhesabiwa kwa sababu gari liko gereji. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, ni bima ya madhara ya ajali kwa watu wengine. Hailipii injini iliyoungua. Nyanya nazo hazingoji spea isafirishwe kutoka mji mwingine.

Ndiyo maana kuisoma taa hiyo ni sehemu ya biashara.

Rangi kwanza

Watengenezaji wengi wa magari hufuata mpangilio mmoja wa rangi, iwe ni Probox ya mizigo midogo au Fuso. Nyekundu ni hatari: simama mahali salama. Njano ni tahadhari: gari linaweza kwenda, lakini lipimwe mapema. Kijani na buluu ni taarifa tu. Taa ya buluu yenye alama ya kipimajoto, inayoonekana asubuhi kwenye Toyota nyingi, inasema injini bado ni baridi, huzimika yenyewe.

Nyekundu zinazogharimu zaidi ni nne.

Ya kwanza ni kopo la oili linalodondosha tone. Taa hii haipimi wingi wa oili bali msukumo wake ndani ya injini. Ikiwaka safarini, injini izimwe papo hapo. Baada ya dakika chache dereva apime kwa kijiti. Kama oili imepungua, aongeze. Kama ipo ya kutosha na taa bado inawaka, gari livutwe. Kukimbiza ili "angalau tufike mpakani" ndiko kunakonokisha injini.

Ya pili ni kipimajoto chekundu. Gari lisimamishwe na injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta, kwa sababu maji yaliyo ndani yana shinikizo na huunguza. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini inayochemka yanaweza kupasua silinda hedi.

Ya tatu ni betri. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, ilhali taa hiyo kwa kawaida inasema kuwa betri haichajiwi. Kinachotazamwa kwanza ni mkanda wa altaneta na nyaya zake. Kwenye magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, hivyo ukikatika, injini itachemka muda si mrefu.

Ya nne ni ya breki. Kama breki ya mkono imeachiwa na taa bado inawaka, kiwango cha mafuta ya breki kiangaliwe. Hupungua kwa sababu pedi zimelika au kuna mahali panapovuja. Kuongeza tu na kuendelea, huku mbele kuna mteremko wa kushukia daraja la Rusumo, ni kucheza na maisha.

Namba si jibu

Taa ya njano yenye umbo la injini ndiyo inayokula fedha nyingi kwa kubahatisha. Ikitulia bila kumetameta, safari inaweza kuendelea hadi kwa fundi, mradi gari halijabadilika nguvu, sauti wala joto. Ikimetameta, silinda moja au zaidi hazichomi mafuta vizuri, na mafuta hayo mabichi yanaunguza masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi. Mwendo upunguzwe, na gari lisimame mapema iwezekanavyo.

Fundi huchomeka mashine kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya usukani. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari madogo ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu hilohilo lakini hayazungumzi na kila mashine ya bei nafuu. Mashine ikishindwa kusoma, hiyo peke yake haimaanishi kompyuta ya gari imekufa.

Mashine hutoa namba, na namba huonyesha mahali pa kuanzia kupima, si spea ya kununua. P0301, kwa mfano, inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Fundi makini huhamishia koili ya silinda hiyo kwenye ya pili. Namba ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, anaendelea na plagi, kisha nozeli. Jaribio hilo halihitaji kununua chochote.

P0420 nayo husema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Kabla ya kulipia masega mapya, ambayo ni ghali, bomba la ekzosi likaguliwe kama linavuja na sensa ya oksijeni ipimwe.

Kufuta namba bila kutengeneza kunazima taa kwa muda tu. Hitilafu ikiwa bado ipo, itarudi, pengine gari likiwa foleni ya Tunduma.

Taa isiyowaka kabisa

Kwa wanaonunua magari yaliyotumika, taa ya kuogopwa zaidi ni ile isiyoonekana. Ufunguo ukifunguliwa bila kuwasha injini, taa za injini, oili, betri, ABS na mfuko wa hewa zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini ikishawashwa na gari likajikagua. Kama mojawapo haikuwaka kabisa, huenda globu imekufa, au mtu ameing'oa ili mnunuzi asiione.

Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja. Afadhali ufanywe jioni kabla ya kupakia, fundi anayefahamika akiwa bado jirani, kisha namba yoyote iliyosomwa ipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye simu. Fundi wa ng'ambo atakapoulizwa, ataanzia pale mwenzake alipoishia.