Dawa za Lehemu na Vali za Moyo

Mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa ambaye vali zake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi aweza kuuliza kama statini, dawa za kushusha lehemu, zitamfaa. Wazo lina msingi, maana statini hupunguza pia uvimbe wa ndani unaokakamaza vali. Lakini jaribio la SEAS, mwaka 2008, halikuona zikizuia kusinyaa kwa vali ya aota kwa sababu nyingine. Kilichothibitika kiko jirani, Gulu, Uganda. Kwa miaka miwili, ugonjwa uliojificha ulizidi kwa watoto 3 tu kati ya 399 waliochomwa penisilini kila wiki nne. Kwa wasiochomwa, 33 kati ya 400. Anayechomwa sindano hizo Nyakahanga asiziache kwa kungoja vidonge.