Gharama "Zisizo za Kawaida" katika Hesabu za Kampuni: Ununuzi, Mashauri na Mipaka ya Hiari ya Menejimenti

Makala haya yanahusu swali linalodhaniwa kuwa la wahasibu peke yao, ilhali huathiri gawio, marupurupu ya wakurugenzi na imani ya wawekezaji: kampuni inapowalipa mawakili, washauri wa ununuzi au fidia ya kesi, je, gharama hiyo ni sehemu ya shughuli zake, au ni ajali ya mwaka mmoja inayostahili kuwekwa pembeni?

Kwa kampuni zinazofuata Viwango vya Kimataifa vya Taarifa za Fedha, zikiwemo zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, jibu la kanuni ni fupi. Tangu 1 Januari 2005, Kiwango namba 1 cha uhasibu kimekataza gharama yoyote kuwasilishwa kama tukio la nje ya kawaida, iwe katika taarifa yenyewe au katika maelezo yake. Marekani ilifuta kundi hilo mwaka 2015, ingawa udhaifu wake ulikwisha kuonekana huko baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Jopo la uhasibu lilikataa hata hasara za siku ile kuingizwa humo, kwa kuwa haikuwezekana kuzitenga na hasara za uchumi uliokuwa tayari unadorora. Ikiwa tukio kama lile halikufuzu, ni vigumu kuona lipi lingefuzu.

Katika ununuzi wa kampuni, mabadiliko makubwa yaliletwa na Kiwango namba 3 kilichorekebishwa mwaka 2008. Hapo awali ada za mawakili, wathamini na washauri ziliunganishwa na bei ya ununuzi, zikazama ndani ya mizania bila kugusa faida ya mwaka. Sasa hutambuliwa kuwa gharama katika kipindi ambacho huduma imepokelewa, kwa hoja kwamba mshauri ameuza huduma yake mwenyewe na si sehemu ya biashara inayonunuliwa. Gharama za kutoa hisa hupunguza mtaji, na za kupata mkopo huingia katika hesabu ya mkopo huo. Lakini kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita: katika hesabu binafsi za kampuni mama, uwekezaji unapopimwa kwa gharama yake, ada zilezile huongezwa kwenye thamani ya uwekezaji. Hivyo, anayesoma kuhusu ununuzi kama ule wa Equity Group ya Nairobi kwa Banque Commerciale du Congo mwaka 2020, au wa KCB kwa Trust Merchant Bank mwaka 2022, hana budi kuuliza kwanza ameshika hesabu za kundi zima au za kampuni mama.

Mashauri ni magumu zaidi, kwa sababu kiasi hakijulikani hadi mwisho. Kiwango namba 37 kinataka tengo liwekwe pale tu panapokuwa na wajibu uliokwishazaliwa, malipo yakiwa na uwezekano mkubwa kuliko kutokuwepo, na kiasi kikiweza kukadiriwa kwa uhakika wa kutosha. Masharti hayo yasipotimia, shauri hutajwa katika maelezo tu, isipokuwa uwezekano wa kulipa ukiwa hafifu mno.

Mfano wa Acacia Mining unaonyesha uzito wa makadirio hayo. Julai 2017 kampuni hiyo ilipokea kutoka Tanzania madai ya takriban dola bilioni 190: bilioni 40 za kodi, zilizobaki zikiwa riba na adhabu. Oktoba 2019 Barrick, iliyokuwa imekwisha kuichukua Acacia yote, ilitangaza makubaliano yaliyohusisha malipo ya dola milioni 300, yaani chini ya senti 20 kwa kila dola 100 zilizodaiwa. Kuingiza madai yote vitabuni kungeifanya kampuni ionekane mufilisi. Kuandika sifuri kungeficha deni ambalo hatimaye lilikubaliwa. Ikumbukwe pia kwamba kodi ya mapato yenye utata haiamuliwi na Kiwango namba 37. Inaongozwa na Kiwango namba 12 na, tangu 1 Januari 2019, Tafsiri namba 23, inayomtaka mhasibu achukulie kwamba mamlaka ya kodi itakagua ikiwa na taarifa zote.

Mambo haya mawili hukutana kampuni yenye kesi inaponunuliwa. Mnunuzi hutakiwa kuitambua dhima hiyo hata kama malipo hayaelekei kutokea, mradi wajibu upo na thamani yake inapimika. Kesi ambayo jana haikuwamo katika mizania ya muuzaji leo inaweza kuwamo katika mizania ya mnunuzi, bila hakimu kutamka neno.

Katazo la mwaka 2005 halikuzima tamaa ya kutenga gharama. Liliihamishia katika taarifa kwa vyombo vya habari, kwa jina la "faida iliyorekebishwa". Kiwango namba 18, kilichotolewa Aprili 2024 na kitakachoanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza 1 Januari 2027, kinataka vipimo hivyo vya faida vielezwe ndani ya hesabu zinazokaguliwa na vilinganishwe na jumla rasmi, pamoja na athari ya kodi. Bodi ya viwango ilikuwa imependekeza mwaka 2019 kufafanua gharama zisizo za kawaida, kisha ikaliacha pendekezo hilo. Kwa maoni yetu, hilo ndilo pengo lililobaki: kampuni inayolipa fidia za kesi kila mwaka bado inaweza kuziita za mara moja, mradi ionyeshe hesabu yake.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna tatizo la ziada. Kongo, iliyojiunga nayo mwaka 2022, ni mwanachama wa OHADA, ambayo mfumo wake wa uhasibu bado una hesabu maalumu za shughuli zisizo za kawaida katika kundi namba 8, yakiwamo mauzo ya mali za kudumu. Kiwanda cha Lubumbashi na cha Mwanza vyaweza kuuza mitambo inayofanana kwa faida ileile, na faida hiyo ikatokea mahali tofauti katika taarifa zao. Washauri wa sera wanaolinganisha viwango vya faida vya sekta moja katika nchi wanachama wanapaswa kulipanga upya kundi hilo kabla ya kulinganisha. Nazo mamlaka za masoko ya mitaji hazihitaji kusubiri 2027: zinaweza kuitaka kila kampuni inayotangaza faida iliyorekebishwa iambatishe jedwali la gharama zilizoondolewa katika miaka 5 iliyotangulia, kwa majina yaleyale.