Makazi ya Mjini (3): Fleti ya Ushirika Jackson Heights

Wiki iliyopita tuliwaacha mwenye nyumba na mpangaji wakivutana juu ya kodi. Leo tumtazame mtu ambaye ni mwenye nyumba na ni mpangaji vilevile.

Jackson Heights iko Queens, jijini New York. Kwenye Roosevelt Avenue treni hupita juu ya vichwa vya watu, na chini yake wachuuzi hawanyamazi. Ukiingia mitaa michache upande wa kaskazini, utulivu unakupokea: majengo ya matofali yaliyozunguka bustani ambazo mpita njia hazioni, kwa kuwa zimefichwa katikati. Mtaa huu ulijengwa na kampuni ya Edward MacDougall, Queensboro Corporation, na fleti zake zikaanza kuuzwa kwa mfumo wa ushirika yapata mwaka 1920. Ushirika huo ulikuwa na ubaguzi ndani yake, maana Wayahudi na watu Weusi hawakuuziwa. Leo wakazi wanatoka Bangladesh, India, Kolombia na Ekwado, lakini mfumo wa umiliki ni uleule.

Chukua fleti moja: chumba cha kulala, sebule, jiko na bafu. Anayeinunua hapewi hati ya nyumba. Jengo zima ni mali ya shirika. Yeye hupata cheti cha hisa pamoja na mkataba wa upangaji unaompa haki ya kukaa katika fleti hiyo. Msomaji wa Nairobi, aliyezoea utaratibu wa zamani wa kupewa mkataba wa muda mrefu na hisa katika kampuni inayosimamia jengo, ataona kitu anachokifahamu kidogo.

Tuseme shirika lina hisa 40,000 na fleti yetu imepangiwa 400. Mwenyewe atabeba asilimia moja ya gharama za jengo: mishahara ya wahudumu, boila ya kupashia joto wakati wa baridi, bima, kodi ya majengo, na marejesho ya mkopo ambao jengo lenyewe limeuchukua kwa kuwekwa rehani. Hili la mwisho ndilo linalowaponza wanunuzi. Mtu anaweza kulipia fleti yake taslimu, asidaiwe hata senti na benki, kumbe kila mwezi analipa deni la jengo. Bei ikionekana rahisi mno, mimi ningeanza kwa kuuliza deni hilo ni kiasi gani na linaiva lini. Rangi ya kuta na mwanga wa dirishani vitangoja; hesabu za jengo za miaka miwili iliyopita zitakueleza kama paa linalovuja lina mfuko wa akiba au litachangiwa na wenye hisa.

Halafu kuna bodi, inayochaguliwa na wenye hisa wenyewe. Mnunuzi hupeleka taarifa za benki, marejesho ya kodi ya mapato na barua za wadhamini wa tabia, kisha huitwa kwenye usaili. Bodi inaweza kumkataa na isiseme kwa nini, mradi isimbague kwa rangi, dini, asili na mengine yanayokatazwa na sheria. Hata Richard Nixon, rais mstaafu, alikumbana na upinzani wa majirani wa namna hiyo huko Manhattan mwaka 1979, akaishia kununua nyumba ya peke yake. Mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba bodi ikitenda kwa nia njema na ndani ya mamlaka yake, majaji hawatapima upya busara yake. Kwa maoni yangu, hayo ni madaraka makubwa mno kuwekwa mikononi mwa watu wanaokutana jioni baada ya kazi.

Madaraka hayo hufika hadi sakafuni. Majengo mengi huagiza asilimia 80 ya sakafu ifunikwe zulia ili wa chini wasisikie nyayo, na hukataza mashine ya kufulia ndani ya fleti. Kupangisha nako huhitaji kibali. Mrithi naye hupata hisa, lakini haki ya kuhamia humo mara nyingi inabaki kupitia kwenye bodi.

Wiki ijayo tutavuka kwenda Bronx, kwenye Co-op City yenye fleti zaidi ya 15,000, ambako mwaka 1975 wakazi waligoma kulipa ada zao kwa miezi 13.